Mashahidi Kumi na Wawili wa Mfereji

3 Juni

Reginald amesema nisipoandika kila hatua nitasahau nilikoanzia, halafu mwishoni nitadai nilijua yote tangu mwanzo. Naandika ili anyamaze. Reginald ni mwenzangu wa kazi, Mchaga wa Machame, tumepanga chumba kimoja cha ofisi Kimandolu juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ni fundi mzuri wa programu, ila chai kikombe kimoja humchukua saa nzima, na mimi Maulida binti Said sikuumbwa na subira hiyo.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mfereji unaoshuka kutoka Mlima Meru hadi mashamba ya Oldonyo Sambu. Wa juu hupata maji kwanza, wa chini hupata yanayobaki, na kila kiangazi wanagombania zamu. Miaka miwili iliyopita walipigana kwa fimbo kwenye banio, pale maji yanapogawanywa, na mzee mmoja wa chini akapoteza jicho. Shirika moja la maji sasa linataka zamu ziandikwe kwenye blokcheni ili asiwepo kiongozi wa kuzibadilisha. Sisi tulinganishe mitandao mitatu: upi unabeba mzigo mkubwa bila kulegea, na upi hauna bwana mmoja. Ripoti inatakiwa mwisho wa Septemba.

Mama ameniuliza blokcheni ni mdudu gani. Nikamwambia ni kumbukumbu ambayo nakala yake wanayo watu wengi, ikishatoka haifutiki, na hakuna anayeimiliki peke yake.

"Kama umbea," akasema.



5 Juni

Ukungu mpaka mlangoni. Nimeipa mitandao majina yangu mwenyewe, maana ya kwao yananichosha. Wa kwanza ni Mkubwa: maelfu ya kompyuta dunia nzima, kila moja inakagua kila kitu, kwa hiyo uko salama na unakwenda kama kinyonga. Wa pili ni Mwepesi: unameza maelfu ya maandishi kwa sekunde, lakini kompyuta zake ni za bei ya kutisha, wanaoziweza ni wachache. Wa tatu tunautengeneza sisi, nimeuita wa Nyumbani: mashahidi kumi na wawili kutoka mfereji mzima, sita wa juu na sita wa chini, kila mmoja na simu yake. Wanane wakithibitisha kwamba maji yamefika, zamu inafungwa na banio linahamia kwa mwingine.

11 Juni

Tumepanda Oldonyo Sambu kwa Suzuki ya Reginald. Nimekutana na wazee wawili ambao kazi yote hii inawahusu. Lemburis ni wa chini, ndiye aliyepoteza jicho, anaongea polepole na anakutazama sawasawa na lile lililobaki. Loserian ni wa juu, mrefu, sauti kama anaita ng'ombe hata akiomba chumvi. Hawakusalimiana. Kila mmoja alinisalimia mimi kwa nafasi yake, nikawapa shikamoo zao, wakapokea.

Lemburis aliniuliza swali moja tu. "Binti yangu, hiyo kitu yenu, nani anaishika?"

"Hakuna mmoja anayeishika, mzee. Mnaishika wote kumi na wawili."

"Asiwe mtu mmoja," akasema. "Akiwa mtu mmoja tutarudi kwenye fimbo. Vijana wangu wanasubiri sababu tu."

Loserian naye, tulipomfikia kule kwake: "Wale wa chini wakishapewa simu watasema maji hayafiki hata yakiwafika shingoni." Lakini alikubali kuwa shahidi.

17 Juni

Idi. Nimekula pilau mpaka nikaona aibu. Sijagusa kazi.

24 Juni

Reginald amenipa kipimo cha kutazama kama mtandao kweli hauna bwana. Anakiita swali la chumba kimoja: ni watu wangapi wakikaa chumba kimoja na kukubaliana wanaweza kuuharibu mtandao wote? Namba ikiwa kubwa, vizuri. Ikiwa ndogo, ule ni mtandao wa mtu na marafiki zake.

Kwa Mkubwa, hata ukiyahesabu yale makundi makubwa ya wenye kompyuta peke yake, ni watu wasiojuana na wasiopendana. Kwa Mwepesi namba inashuka, tena kompyuta zake nyingi zimepangishwa kwenye majengo machache. Kwa wa Nyumbani, wanane wanatosha kufunga zamu ya uongo. Lakini wanane wapi! Angalau wawili wangetoka upande wa adui. Nimeandika "nzuri sana".

2 Julai

Majaribio ya kwanza ya kweli. Mkubwa ulikubali zamu zetu, lakini siku mtandao ukijaa, kuandika kitone kimoja ni ghali kuliko maji yenyewe. Mwepesi, kabla sijanyanyua kidole, umeshaandika. Wa Nyumbani umenitia aibu: zamu ilikwisha asubuhi, shahidi wa nane akathibitisha jioni. Nimempigia mmoja kumuuliza kulikoni. "Nilikuwa nakwenda kuangalia," akasema. Kuangalia! Nimekata simu nikacheka kwa hasira.

9 Julai

Fanuel wa shirika amekuja ofisini, kijana nadhifu wa viatu vya kung'aa, anayesema "spidi" kama watu wengine wanavyosema "inshallah". Ameangalia jedwali langu na kutikisa kichwa. Wafadhili wana mifereji arobaini mingine inayosubiri. Mtandao unaongoja wazee watembee hauwezi kubeba mifereji arobaini.

"Dada Maulida, wa kwenu ni mzuri kwa ugatuzi, hauna bwana, lakini haupanuki. Ukibaki hivi, tutachukua Mwepesi."

Nimekasirika kwa sababu amesema kweli.

10 Julai

Nimepata dawa. Shahidi atakuwa na dakika kumi za kujibu tangu taarifa ya zamu ifike kwenye simu yake. Akikosa mara tatu, anavuliwa ushahidi na kijiji chake kinachagua mwingine. Kwa wazee wale, kuvuliwa cheo mbele ya watu ni jambo zito. Watajibu.

Reginald alikoroga chai yake. "Dakika kumi mtu anatoka shambani anafika banioni?"

"Anaijua hali ya maji yake, hana haja ya kutembea."

"Sawa," akasema. Reginald akisema sawa namna ile, ni hapana iliyovaa koti.

16 Julai

Mashahidi wawili wamekosa mara mbili. Kelele.

22 Julai

Kumi na wawili kati ya kumi na wawili, ndani ya dakika tatu. Nimepiga kigelegele peke yangu, mwenye duka la chini akauliza kama nimepata mchumba.

3 Agosti

Wiki nzima hivyo hivyo. Kila zamu, wote kumi na wawili, dakika mbili au tatu. Fanuel amenitumia vidole gumba vitano kwenye simu. Nimejaribu kuongeza mzigo: zamu za uongo za mifereji mitano kwa pamoja, nimewaambia mashahidi ni majaribio, wathibitishe tu. Wa Nyumbani umezibeba zote bila kutweta. Kwenye jedwali langu, ndio wa kwanza kwa kubeba na wa kwanza kwa kutokuwa na bwana. Jambo hilo wasomi wa dunia wanasema haliwezekani, ukivuta huku kunapungua kule. Labda hawajafika Oldonyo Sambu.

Nilivyoandika hivyo nilijiona mtu.

12 Agosti

Reginald: "Wamekuwa wakikubaliana wote kila siku?"

"Kila siku."

"Loserian na Lemburis?"

"Ndiyo, Reginald. Watu hubadilika."

Akasema watu kumi na wawili wakikubaliana kila siku kwa dakika mbili, yeye angependa kuwaona. Nimemwambia ana wivu. Akarudia chai yake. Mimi nikashinda na hasira ambayo sikujua ni ya nini.

19 Agosti

Upepo. Vumbi la barabara ya Namanga limefika mpaka kwenye meno.

27 Agosti

Maji ya mfereji yamepungua nusu. Taarifa za zamu zinaendelea kuwa safi.

5 Septemba

Lemburis amenipigia kabla sijamaliza kifungua kinywa, kwa namba nisiyoijua.

"Maulida. Wananiambia simu yangu imesema maji yamefika kwangu."

"Ndiyo mzee, naona hapa. Umethibitisha jana mchana."

"Mimi jana mchana nilikuwa nimekaa kwenye maharage yangu. Vumbi tupu. Leo pia vumbi. Zamu imeshahamia juu. Sasa nani amethibitisha?"

"Simu yako iko wapi, mzee?"

"Iko kwenye chaji."

Nikamchukua Reginald. Tulipofika tulikwenda pale nilipoelekezwa: duka la Hedwiga, mama wa Rombo aliyehamia pale na mume wake zamani, lenye sola kubwa kuliko zote upande ule. Maboma mengi ya mlimani hayana umeme. Kila mtu anachaji kwa Hedwiga.

Zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, juu ya sabuni. Simu kumi na mbili. Kila moja imebandikwa kipande cha plasta, na kwenye plasta jina na namba ya siri, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma kwa masista.

"Karibuni jamani!" Hedwiga alifurahi kweli kweli. "Ninyi ndio mabosi wa hii programu? Inanisumbua, lakini sijaiacha ikanishinda. Ikilia tu, nabonyeza. Moja, mbili, mpaka zote. Wazee walikuwa wanavuliwa ushahidi kwa kuchelewa, mtu yuko machungani, simu yake iko hapa kwangu. Nikasema hapana, aibu gani hiyo. Wakaniachia namba."

"Wote?" nikauliza. "Hata Loserian?"

"Loserian ndiye alikuwa wa kwanza. Lemburis wa mwisho, yule ana wasiwasi. Nikamwambia baba, mimi nitakuibia nini?"

"Na unajuaje kama maji yamefika?"

Akanitazama kama nimemuuliza anajuaje kama mchana ni mchana. "Si programu ndiyo inayosema? Inaandika 'Maji yamefika?' Nami nabonyeza ndiyo."

Nilikaa kwenye gunia la mahindi. Swali la chumba kimoja: ni watu wangapi wanaweza kuuharibu mtandao wote? Mmoja. Na chumba chenyewe ndicho hiki, kina sabuni na mafuta ya taa, na huyo mmoja ni mama mwema ambaye hajawahi kumdhuru mtu. Mkubwa, ambao nimeuita kinyonga miezi mitatu, haujawahi kushuka hivyo. Wala Mwepesi. Nimeshuka mimi, kwa dakika zangu kumi.

Reginald alimwomba Hedwiga soda mbili, akanipa moja.

Tulikuwa bado pale vijana wa chini walipopita barabarani, wengi, wanapanda. Kila mmoja ana fimbo. Hawakuwa wakiimba wala kuongea.

6 Septemba

Jana sikuweza kuandika yaliyofuata. Naandika leo.

Tuliwawahi vijana kwa gari mpaka banioni. Loserian alikuwa amesimama juu ya ukuta wa banio na watu wake nyuma, nao wana fimbo. Lemburis alikuwa amefika kabla ya vijana wake, amesimama katikati, mikono mitupu. Aliwageukia wake kwanza.

"Mimi jicho moja nimeacha hapa. Linatosha. Anayetaka kuacha lingine aanze na hili langu."

Hakuna aliyesogea. Lakini hakuna aliyeweka fimbo chini.

"Mwizi wa maji!" kijana mmoja akapaza sauti.

Loserian akanyanyua simu ya mwanawe ikionyesha kumbukumbu. "Soma! Lemburis amesema ndiyo. Simu yako mwenyewe imesema ndiyo. Unanifuata na fimbo kwa ndiyo yako mwenyewe?"

Hapo nikaelewa tulichowafanyia. Zamani walikuwa na ugomvi tu. Sasa wana ugomvi na ushahidi wa uongo usiofutika, uliotiwa saini na wote.

Nilipanda kwenye ukuta. Sauti yangu ilitoka nyembamba. Niliwaambia simu zote kumi na mbili zinakaa kwa Mama Hedwiga na yeye ndiye anayejibu. Kukawa na kelele. Nikasema msimlaumu, kosa ni langu, mimi ndiye niliyewapa dakika kumi, niliwataka mjibu kabla hamjaenda kuona, ili kwenye karatasi yangu mwonekane wepesi. Nikasema jana hakuna hata mmoja wenu aliyethibitisha kitu. Kumbukumbu ile si ya Lemburis wala si ya Loserian. Ni yangu.

Nilitegemea matusi, nayo yangekuwa rahisi zaidi.

"Basi maji yamekwenda wapi?" akauliza Lemburis.

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote: watu mia na zaidi na simu kumi na mbili, na hakuna aliyekuwa ametembea kuangalia. Wazee wawili kutoka kila upande walitumwa. Walirudi jua limeinama, matope mpaka magotini. Ng'ombe walikuwa wamebomoa kingo katikati ya mfereji, maji yote yakaingia korongoni. Hakuna aliyeiba tone.

Fimbo zilishuka, si kwa furaha. Loserian bado alikuwa amevimba.

"Kama huniamini," akamwambia Lemburis, "basi njoo wewe usimamie banio langu! Kila siku! Njoo ukae hapa!"

"Nitakuja," akasema Lemburis. "Na wewe uje usimame kwenye maharage yangu."

Loserian alisema vile kwa kumkomoa, nina hakika. Lakini alikuwa amesema mbele ya marika yote, na hakuna namna ya kulirudisha neno kama hilo.

9 Septemba

Tumebadilisha programu. Dakika kumi zimekufa. Shahidi wa juu atathibitisha maji ya chini, wa chini atathibitisha ya juu, wote sita, na lazima kila mmoja awe amesimama pale, simu itaonyesha alipo. Ana siku nzima. Simu isiyo na chaji itangoja ipate chaji. Hedwiga amebandua plasta zote na kuzichoma jikoni, namba mpya kila mzee ameweka yake. Alilia kidogo. "Nilidhani nawasaidia," alisema. Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo.

13 Septemba

Nimemuuliza Reginald alijuaje. "Sikujua," akasema. "Mimi nimekulia kwenye mfereji. Kwetu watu wawili hawajawahi kukubaliana kuhusu maji." Na mimi nilidhani utulivu wake ni ubaridi wa damu. Leo nimemnunulia andazi.

20 Septemba

Fanuel ameona takwimu mpya. Zamu inafungwa baada ya saa nyingi, mara nyingine kesho yake.

"Hii si teknolojia, dada. Haya ni matembezi."

"Ndiyo," nikamwambia. "Umeelewa."

Hakucheka. Amesema kwa hali hii shirika halitaendelea na wa Nyumbani kwenye mifereji mingine.

26 Septemba

Mama anauliza mbona nimekonda. Kiangazi, nimemwambia.

30 Septemba

Ripoti imekwenda. Mwepesi ni wa kwanza kwa kubeba mzigo. Mkubwa ni wa kwanza kwa kukosa bwana. Wa Nyumbani nimeuweka wa mwisho kwa kubeba, na nimeeleza kwa nini ulionekana wa kwanza mwezi Agosti, na kosa la nani. Nimeandika pia kwamba idadi ya mashahidi si kitu mpaka uulize simu zao zinalala wapi. Reginald alitaka niondoe sentensi hiyo, si ya kitaalamu. Nimeiacha.

Kwenye nafasi ya pendekezo sikuandika kitu siku mbili. Mwisho nimependekeza wa Nyumbani, kwa mfereji huu mmoja.

7 Oktoba

Shirika limejibu. Mifereji mingine itakwenda kwa Mwepesi, na kampuni nyingine. Huu mmoja tuachiwe mpaka mvua. Tutaulea wenyewe.

14 Oktoba

Joto, mawingu upande wa mlima, mvua bado. Maji ya mfereji ni kamba tu sasa, na hii ndiyo wiki watu walikuwa wakiiogopa tangu Juni.

Leo ilikuwa zamu ya Lemburis, ikifuatiwa na zamu ya juu. Kufikia saa sita mchana mashahidi watano wa juu walikuwa wamesema ndiyo, maji yamefika chini. Mmoja zaidi, na zamu ifungwe, banio ligeuzwe kwa Loserian. Shahidi wa juu aliyebaki alikuwa Loserian mwenyewe. Kitufe kimoja, na mashamba yake yanapata maji.

Saa saba. Saa nane. Reginald alikuwa ameacha chai ikapoa kabisa. Sisi wawili tunatazama kioo cha laptopu kama watu wanaosubiri matokeo ya darasa la saba.

Alasiri simu yake ikaonekana kwenye shamba la Lemburis. Ikakaa pale muda mrefu. Halafu likaja jibu, la kwanza la aina yake tangu tuanze: Hapana. Na chini yake sauti, maana mzee haandiki, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe.

"Mimi Loserian. Nimesimama kwa Lemburis hapa. Wale watano wameona maji mlangoni mwa shamba wakarudi. Mimi nimeingia mpaka mwisho. Mistari minne ya mwisho ni kavu. Banio langu lisifunguliwe. Ngojeni."

Nyuma yake, mbali kidogo, Lemburis alisikika akimwambia mtu alete kiti.